Nyuso Zilizogeukia Ndani

Hayase, mwaka wa nane wa Tensho
Mwezi wa pili, siku ya nane

Mama Iwamatsu,

Tumefika salama. Gonza kavimba mguu njiani lakini mdomo wake haukuvimba, kwa hiyo tangu tushuke mashuani mpaka hapa tumesikiliza habari za ng'ombe wa shemeji yake. Mimi sijambo. Nimepewa kikosi changu na sehemu yangu ya ukuta, upande wa mashariki, unaotazama ziwa. Siku isiyo na ukungu ukisimama huko unaona mpaka ng'ambo yetu, au najidanganya tu kwamba naiona.

Ngome yenyewe haipo bado. Kuna kilima, kuna matope, na kuna watu wengi wanaopigiana kelele. Bwana wa hapa ni kijana aliyerithi vita vya baba yake, na adui zake huja kila vuli mpunga ukishavunwa. Anataka kuta tatu zizunguke kilima, moja juu ya nyingine, na juu kabisa mnara wa ghorofa tatu, kuta nyeupe za chokaa zenye matundu ya kufyatulia bunduki, mengine ya duara, mengine ya pembetatu. Maseremala wameanza kuringa na huo mnara hata mti haujakatwa. Nimewaambia, "Ringeni tu, ndugu zangu, lakini mtakaa mgongoni mwetu sisi waashi."

Mzee Zenbei, mkuu wetu, anasema tukikaza mwendo tutarudi nyumbani kabla ya sikukuu ya wafu, mwezi wa saba. Ahadi hiyo nimeishika kwa mikono miwili. Chakula ni shayiri, na supu ambayo mpishi ameionyesha miso, ule uji mzito wa soya, kwa mbali tu. Jana nilisikia harufu ya figili zako za kuchemsha nikageuka nyuma, kumbe hakuna kitu.

Usiache kuliosha jiwe la mtoto. Barafu imeyeyuka sasa, maji ya mtoni si makali tena. Pangusa taratibu kwenye lile shavu kubwa, maana jiwe pale lina ufa mdogo.

Kyuroku


Iwatani
Mwezi wa pili, siku ya ishirini na tano

Baba Iwamatsu,

Barua imefika imelowa. Mama yako anasema ni machozi yako, mimi nasema ni maji ya ziwa, tumebishana mpaka supu ikapoa. Na huo mwandiko! Mtu analilaza jiwe la kuvutwa na watu thelathini likatulia tuli, halafu herufi moja inamshinda. Bahati yako ulioa binti wa hekaluni anayeweza kusoma hata nyayo za kuku.

Hapa tu wazima. Paa linavuja pale pale. Mama amegombana na muuza tofu, wakapatana, wakagombana tena, naona ndiyo starehe yao. Ananicheka kwamba nachana nywele vizuri siku hizi. "Unajipamba, mwanangu, na bwana harusi yuko wapi?"

Kila asubuhi nashuka mtoni kwa Iwamatsu. Tangu ndui imchukue, huu mwaka wa pili, sijakosa isipokuwa ile siku ya theluji kubwa, na siku hiyo ulikwenda wewe. Nimemwosha, nimemfunga kitambaa kipya chekundu shingoni. Wapita njia huuliza, "Jizo gani huyu mlinda watoto, shavu moja limevimba?" Nawaambia ndivyo alivyokuwa akilala mwanangu, ubavu mmoja, shavu limebonyea mkononi, na baba yake aliyelichonga jiwe alizoea kumtazama akilala.

Nimekukosa, Kyuroku. Nasema hivi kwa sababu Mama yuko nje. Nikikunja mkeka asubuhi naona upande wako hauna hata mkunjo, roho inaniuma mpaka naona aibu, mwanamke mzima kama mimi. Mwambie huyo bwana mdogo kwamba adui zake wana subira kuliko mimi. Fanya haraka urudi.

Itsu


Hayase
Mwezi wa nne, siku ya tatu

Mama Iwamatsu,

Ukuta umenifika kifuani. Natamani ungeuona. Hatutii udongo wala chokaa kati ya mawe, jiwe linamshika mwenzake kwa uzito tu, na nyuma tunajaza vijiwe na kokoto ili mvua ipite ishuke zake. Ukuta unaozuia maji huvimba tumbo, kisha hupasuka. Chini tumeulaza kidogo, juu unasimama wima, ili adui aanze kuupanda akicheka na amalize akilia.

Lakini mawe yamekwisha. Mlima wa jirani tumeukwangua mpaka mifupa. Bwana ametoa amri yakusanywe mawe vijijini, mahekaluni na kando ya barabara, nayo yanakuja yakiburutwa juu ya magogo: mawe ya kusagia, ngazi za hekalu, misingi ya taa za mawe, na makaburi. Ndiyo, makaburi, na sanamu za Jizo za watoto wa watu. Siku ya kwanza hakuna aliyetaka kuyagusa. Mzee Zenbei akamwaga pombe ya mchele chini, akasema, "Jiwe lenye uso au jina, uso ugeuzieni ndani. Marehemu asitazame vita. Na ninyi msimtazame." Ndivyo tunavyofanya. Mtu anageuza macho, anageuza jiwe, analiingiza nyuma ya ukuta pamoja na kokoto.

Gonza, ambaye hata mazishini hutania, alinyamaza siku nzima. Nikamuuliza, "Vipi, unaumwa?" Akasema, "Naogopa nitamsukuma babu ya mtu, naye aniambie, taratibu kijana." Tukacheka, lakini kicheko kilikuwa kibaya.

Usiwe na wasiwasi. Kijiji cha waashi hakiguswi, tumeahidiwa sote mbele ya Mzee Zenbei. Iwamatsu wetu yuko salama mtoni kwake.

Kyuroku


Iwatani
Mwezi wa nne, siku ya ishirini

Baba Iwamatsu,

Wamekuja.

Nilikuwa shambani, matope magotini, tunapanda miche ya mpunga, wanawake wote wa kijiji. Maafisa walikuja na amri yao kwamba jiwe lolote lisilo na mtu aliyesimama kando yake ni la ngome. Sasa nani husimama kando ya kaburi siku ya kupanda mpunga? Mama ndiye aliyewaona. Aliwakimbilia na ufagio akipiga kelele, "Hiki ni kijiji cha waashi! Mwanangu ndiye anayewajengea huo ukuta wenu!" Mmoja akamjibu kwa adabu kabisa, "Basi vizuri, mama. Mwanao atalipokea."

Nilipofika mtoni palikuwa na shimo limejaa maji, na kile kitambaa chekundu kimekanyagwa. Sikulia. Niliingia shimoni nikapapasa na mikono. Sijui nilikuwa natafuta nini, maana shimo lenyewe lilionekana wazi kuwa halina kitu.

Unajua wanavyosema wazee. Watoto waliokufa wako ukingoni mwa mto wa ahera, wanapanga vijiwe kuwajengea wazazi wao minara ya dua, na mashetani huja kuibomoa, na ni Jizo peke yake anayewaficha ndani ya vazi lake. Nilikuwa najifariji kwamba wetu ni mtoto wa mwashi, mnara wake hauanguki upesi. Sasa nani anamficha? Kule bado ana miaka minne.

Mtafute, Kyuroku. Wewe uko hapo hapo yanapofikia. Hakuna mwingine mwenye shavu lile. Na usimgeuzie ndani, unajua anavyoogopa giza.

Itsu


Hayase
Mwezi wa nne, siku ya ishirini na mbili

Mama Iwamatsu,

Furahi! Leo tumeufunga ukuta wa mashariki, tumewatangulia watu wa kusini ambao walitucheka tangu mwanzo. Kwa siku tatu mawe madogo yametujia kwa wingi, nasi tulikuwa tukiyasubiri hayo tu ili tujaze nyuma. Hatuambiwi yanatoka wapi na hatuulizi. Gonza amerudiwa na mdomo wake, ameimba mpaka mpishi akatishia kumnyima chakula.

Kulikuwa na Jizo mmoja mdogo, tope tupu, mwepesi hata nikambeba begani kwa mkono mmoja kama anavyobebwa mtoto aliyesinzia. Sikumtazama. Nilimgeuza nikamlaza ndani taratibu, nikamfunika kwa kokoto. Nikasema moyoni, pole mama, yeyote uliye. Kisha tukaweka jiwe kubwa la mwisho juu, na sasa hakuna wa kulitoa bila kuangusha upande mzima.

Mzee Zenbei anasema waliomaliza mapema wataruhusiwa mapema. Chemsha figili, nakuja.

Kyuroku


Iwatani
Mwezi wa tano, siku ya kumi na nane

Baba Iwamatsu,

Barua yako ya furaha imefika. Najua uliiandika kabla hujapata yangu, kwa hiyo sikulaumu. Nimeisoma mara moja tu, nimeiweka mbali.

Tangu hapo sijapata neno lako. Mashua zimekuja na kurudi. Mke wa Gonza naye hajapata kitu. Waliyachukua makaburi ya ukoo wao wote, la baba mkwe wake halikuwa hata na nyasi juu. Mama ameacha kugombana na muuza tofu. Mzee wa watu amekuja mwenyewe hapa mlangoni kuuliza kama amemkosea jambo.

Niambie tu yuko wapi. Kama ndiye yule wa begani, niambie. Kama siye, niambie. Kinachoniua ni kwamba nikifumba macho kumwombea sijui nielekee upande gani. Kila mtu ana pa kuelekea, Kyuroku, mimi nimekaa katikati ya nyumba nazunguka.

Itsu


Hayase
Mwezi wa tano, siku ya ishirini na tisa

Mama Iwamatsu,

Nimempata.

Siye yule wa begani. Alikuwa kwenye rundo la magharibi, halijaguswa bado. Nilimwomba Mzee Zenbei, naye akageukia pembeni akajifanya anakohoa. Nimemweka kwenye pembe ya ukuta kando ya lango la chini, inapopita njia ya watu wa sokoni, kati ya mawe mawili makubwa, kimo cha mtoto. Uso wake uko nje. Ila kwa kuwaogopa maafisa ilibidi niufute kwa patasi, isijulikane ni sanamu. Kwa hiyo mtu akilitazama ataona jiwe tu, la mviringo, rangi ya majivu. Lakini ni yeye. Yuko juani, si gizani. Namsalimia kila nikipita.

Nyumba yetu iko mashariki ya hapa, kwa hiyo ukiomba elekea machweo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Mkono haukutaka kuandika.

Kyuroku


Iwatani
Mwezi wa sita, siku ya kumi na mbili

Baba Iwamatsu,

Nilisoma barua mlangoni, nikasoma tena jikoni, kisha nikalala usingizi mzito kama mtu ambaye hajalala tangu mwezi wa nne. Mama ameinunua tofu, akaisema vibaya, muuza tofu karibu alie kwa furaha.

Tunakuja. Kama ninyi hamtarudi kabla ya sikukuu ya wafu, sisi tutaifuata huko. Wiki nzima nimeshona kitambaa chekundu, ijapokuwa najua ukutani hakina pa kufungwa, nitakishika tu. Mama anasema miguu yake mizima na ana neno na yule afisa mwenye adabu.

Nitamwona yeye na nitakuona wewe. Sitaki mengi. Nitakaa tu chini ya ukuta wako nikutazame unavyokula.

Itsu


Hayase
Mwezi wa sita, siku ya ishirini na sita

Mama Iwamatsu,

Usije, nakuomba. Joto la huku ni la kuua, Mama ataanguka njiani. Nami hutaniona. Tumepandishwa ua wa ndani kujenga kisima na lango la pili, lile linalompinda mgeni pembeni mara mbili ili apigwe kutoka pande tatu. Aliyeona ua wa ndani hatoki mpaka vigae viwekwe juu ya mnara. Wametufungia. Waliosema tutarudi kwa sikukuu hawasemi tena, na mbele yetu wanapita haraka.

Mwombee hapo nyumbani. Atasikia. Jiwe ni jiwe tu, Itsu, hata ukilishika utapata nini? Nami nakutaka hapa kuliko ninavyotaka maji, ndiyo maana nasema usije.

Kyuroku


Hayase, chini ya ngome
Mwezi wa saba, siku ya kumi na nne

Baba Iwamatsu,

Sikukusikiliza. Naandika nikiwa barazani kwa msuka mikeka. Mpishi wenu amekubali kukupandishia barua hii ndani ya kapu la figili, kwa sharti Mama asirudie tena kuisema supu yake.

Kwanza tuliuona mnara. Nusu yake imeshapakwa chokaa, inaumiza macho, na kwenye majukwaa kulikuwa na watu wengi wanapandisha vigae. Nilitaka nikutambue kwa mwendo wako. Mara nikasema ni yule, mara yule mwingine. Mwisho nikawapungia wote. Mama akasema, "Acha, wataanguka." Wawili walipunga. Kama mmoja wao ulikuwa wewe, nilikuwa nimevaa ile kanzu ya buluu.

Kisha tukaenda langoni. Jiwe lipo kama ulivyosema, la mviringo, rangi ya majivu, kati ya mawe mawili makubwa. Lakini palikuwa na mtu. Mwanamke mnene mwenye uso mzuri amepiga magoti, analimwagia maji. Nikamwambia, "Samahani dada, naona umekosea mahali. Hili ni jiwe la mwanangu."

Akanitazama. "Wewe ndiye uliyekosea, dada yangu. Hili ni la marehemu mama. Mume wangu ni mwashi humu ndani, ameniandikia kwa mkono wake."

"Wangu pia ni mwashi, na pia ana mkono."

Mama alikuwa ameshavua ndara moja, unamjua. Kabla mambo hayajaharibika akafika mwingine na keki za mchele ndani ya jani, akasimama. Na nyuma yake mke wa Gonza, amekumbatia chupa ya pombe ya baba mkwe wake. Alitutazama, akalitazama jiwe, akaketi pale pale vumbini. "Gonza mwongo," akasema. "Jamani, Gonza mwongo kweli." Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na yule mnene akamshika mkono, akawa naye analia.

Nililisogelea nikalipapasa. Mimi ni mke wa mwashi, Kyuroku. Jiwe hilo halijawahi kuguswa na patasi, limelainishwa na mto. Ndilo jiwe pekee la ngome nzima ambalo mtu kama sisi anaweza kulifikia kwa mkono, na nadhani kila mmoja wenu peke yake alilitazama akaona hivyo hivyo.

Tulisimama. Watu wa sokoni wanapita, wanatushangaa. Ni Mama aliyevaa ndara yake akasema, "Haya, sogeeni, jua kali. Kila mtu ampe wake." Basi tukampa kila mtu wake. Tulilimwagia maji, pombe, tukaliwekea keki chini yake. Kila mmoja alitaja jina kwa sauti na wengine wakalirudia. Wanawake watano, wengine hata hatujuani, tumelitaja jina la Iwamatsu leo. Tangu afe halijatajwa na watu wengi hivyo.

Nilikukasirikia. Nilikuja hapa barazani na maneno makali yamejaa kinywani. Halafu nikakuona moyoni umekaa na barua yangu mkononi, na ukuta umeshafungwa, na ndani yake umemlaza kwa mkono wako mmoja mtu ambaye hukumtazama. Nikakuona unavyoupita ukuta huo kila siku na hujui. Hasira ikaisha. Nilikulilia wewe kuliko nilivyomlilia yeye.

Basi yumo humo. Wewe hujui wapi, mimi sijui wapi, na wa wenzetu wamo pamoja naye, kwa hiyo hayuko peke yake gizani. Usiniandikie tena juu ya lile jiwe, wala kunieleza kitu. Tumekubaliana sisi wanawake kuja hapo kila mwaka, na hakuna atakayemuuliza mumewe.

Nimekuomba muda wote huu ufanye haraka urudi. Ombi hilo leo nalirudisha. Mvua za vuli zinakuja, adui wa bwana wako wanakuja, na kila jiwe unaloliweka sasa liko juu ya mwanetu. Kaa huko. Liangalie kila jiwe mara mbili, upitishe maji vizuri nyuma yake, na wakikuhimiza jifanye kiziwi. Ikichukua mwaka mwingine, ichukue. Mkeka wako utakuwepo.

Usiache ukuta uanguke.

Itsu